Mbegu Tumeshakula

Kwa Kigiriki bibi huitwa yaya. Wanaliandika kwa herufi zao na wanakaza silabi ya mwisho, lakini sikioni ni lile lile. Siku za mwanzo katika nyumba niliyoajiriwa, mtaa wa Kypseli mjini Athens, mtoto akiita "yaya!" kutoka chumbani tuliinuka wawili: bibi yake pale kwenye kiti cha dirishani, na mimi jikoni, mikono imejaa povu. Nilipomweleza yule bibi kwamba kwetu yaya ni mtumishi anayelea mtoto wa wenzake, alicheka mpaka akavua miwani. "Basi humu ndani tuko mayaya wawili," akasema.

Nimesita muda mrefu kuutoa ushuhuda huu, maana nikiusema kwa ufupi watu hudhani nimeingia dini ya Wagiriki wa kale. Sikuingia. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Handeni mkoani Tanga, na huku ugenini nasali na kufunga kama nilivyofundishwa. Demeter, mungu wao wa kike wa nafaka, si mungu wangu. Ila kisa chake ndicho kilichoniumbua, na nisingeumbuliwa, leo sijui mama yangu angekuwa katika hali gani.

Niliondoka nyumbani mwaka 2009. Mwanangu wa pekee, wa kike, nilimwacha kwa mama kijijini akiwa na miaka saba. Baba yake tulikwisha kuachana, yeye yuko Tanga mjini. Nilipofika Ugiriki uchumi wao nao ukaanza kuporomoka, mishahara ikakatwa, na mimi kwa miaka mingi sikuwa na kibali kamili cha ukaazi. Asiye na kibali akitoka harudi. Kwa hiyo sikutoka. Nilichoweza kutuma nilituma, kila mwezi bila kukosa: bati za mama, sare na daftari za mwanangu, ada za watoto wa mdogo wangu. Sauti ya binti yangu niliisikia ikibadilika kwenye simu, kutoka ya mtoto hadi ya mwanamke, bila kuuona uso unaobadilika nayo.

Agosti 2022 ikaja picha kwenye wasapu. Mikono yake, hina hadi kwenye viwiko, piko kwenye vidole. Nikaandika: arusi ya nani hiyo? Jibu halikuja siku nzima. Usiku akanipigia mdogo wangu. "Dada, usikasirike. Baba yake ameshamwoza."

Baba ndiye walii, hilo nalijua. Ndoa haikuhitaji saini yangu. Lakini kwetu mama huulizwa, hata kama uamuzi umekwisha kukatwa, hata kwa simu ya dakika moja, ili naye aseme "Mungu awabariki" kwa mdomo wake. Mimi sikuulizwa. Mdogo wangu akaendelea: bwana si mtu mbaya, ana duka, ana shamba, watu wake tunawajua.

Sikulia. Nilikata pesa.

Sikumkatia baba mtu, maana yeye sikuwa nikimtumia. Niliwakatia wote waliokula biriani ile na kunyamaza. Nilijiambia: kama mimi si mtu wa kuulizwa, basi si mtu wa kuombwa pia. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanangu alipiga, sikupokea. Alituma ujumbe wa sauti akisema, "Mama, mimi nilikubali mwenyewe." Niliusikiliza mara moja nikaamini amefundishwa la kusema.

Bibi aliona sahani zangu zinarudi jikoni zimejaa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa sekondari, alifundisha Kigiriki cha kale kwa zaidi ya miaka thelathini, na walimu wa namna hiyo hawaachi. Jioni moja ya Novemba alikuwa akipukuchua makomamanga. Alikuwa anatengeneza kollyva kwa ajili ya hitima ya marehemu mumewe: ngano ya kuchemsha, sukari, zabibu kavu na punje za komamanga, ambayo Wagiriki huigawa kanisani wanapomwombea maiti. Akanisogezea bakuli nimsaidie. Akasema, "Demeter alikaa siku tisa hajala wala hajaoga. Wewe umefikisha miezi mitatu." Nikamuuliza Demeter ni nani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza, na yaliendelea jioni nyingi. Kuna utenzi wa kale, mistari 495, unaopewa jina la Homer ingawa wenye kujua wanasema si yeye aliyeutunga. Una miaka kama 2,600. Ulikuwa umepotea, nakala yake ya mkono ikaja kuonekana Moscow mwaka 1777, na sasa imehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Bibi alikuwa nao kwenye kitabu chenye jalada la bluu lililokatika mgongo. Alisoma Kigiriki cha kale, akanifasiria kwa Kigiriki cha leo, nami moyoni nikajifasiria kwa Kiswahili. Huenda vitu vingine vilipotea njiani.

Alianza na ukoo wa Demeter. Baba yake, Kronos, aliambiwa kwamba mtoto wake mmoja atamwondoa kitini, kwa hiyo kila mkewe Rhea alipojifungua yeye alimeza. Alimmeza Hestia, akammeza Demeter, kisha Hera, Hades na Poseidon. Zeus peke yake alifichwa, baba akapewa jiwe lililofungwa nguo za mtoto. Zeus alipokua ndipo wenzake wakatapikwa. "Angalia," bibi akasema, "Demeter alikwisha kukaa gizani kwa sababu ya baba. Na humo gizani alikaa pamoja na Hades, kaka yake, ambaye baadaye alikuja kumchukua binti yake." Watu husimulia kisa hiki wakianzia kwenye maua. Bibi alikianzia tumboni, na nadhani alikuwa na haki.

Binti ni Persephone. Baba wa Persephone ni Zeus, yaani ndugu wa Demeter wa tumbo moja. Nikasema astaghfirullah kwa sauti. Bibi akaendelea kama hajasikia. Zeus akampa Hades, mtawala wa kuzimu, huyo binti, mtu na mpwa wake, pasipo kumwambia mama. Ardhi ikaotesha ua la narcissus lenye vichwa mia kuwa chambo. Binti alipolinyooshea mikono yote miwili, ardhi ikapasuka, Hades akatokeza na gari la farasi. Binti alipiga kelele. Hecate, mungu wa kike, aliisikia sauti akiwa pangoni mwake, na Helios, jua, aliona. Mama alisikia mwangwi tu.

Alizunguka dunia na mienge miwili mikononi. Siku ya kumi Hecate akamjia, wakaenda wote kwa Helios, naye akawaambia kweli: Zeus ndiye aliyetoa. Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba Hades si mkwe wa kudharauliwa, ni ndugu yake mwenyewe na ana enzi kubwa. Nilimwomba bibi arudie hapo. Yalikuwa maneno ya mdogo wangu. Lililokosekana ni duka tu.

Sasa sehemu iliyonikaba. Demeter aliacha makao ya miungu, akajigeuza kikongwe, akaketi kando ya kisima huko Eleusis, kijiji cha pwani. Mabinti wa mfalme Keleos walipokuja kuteka maji wakamuuliza ametoka wapi. Akajipa jina lisilo lake na safari isiyo yake: ametoka Krete, ametekwa na maharamia, ametoroka, anatafuta kazi ya nyumbani. (Wenzangu wa Athens mtanielewa. Nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi na hadithi ya kuazima?) Wakampeleka kwa mama yao, akaajiriwa kulea kitinda mimba, Demophon.

"Yaya," nikasema.

"Yaya," bibi akaitikia.

Hakukubali kukaa mpaka kijakazi Iambe alipomwekea kigoda chenye ngozi ya kondoo na kumtania mpaka akatabasamu. Divai alikataa. Aliomba maji yaliyokorogwa na unga wa shayiri na majani ya jamii ya mnanaa. Bibi alieleza sana kuhusu kinywaji hicho, kykeon, na wataalamu walivyobishana juu yake. Mimi nilisikia uji.

Yule mtoto Demeter alimpaka chakula cha miungu, na usiku alimfukia motoni kama kijinga cha kuni, apate kumuunguza umauti umtoke. Mama mtu akachungulia, akapiga ukelele. Demeter akamtoa mtoto motoni kwa hasira, akamweka chini, akajitangaza ni nani. Mtoto akabaki binadamu.

Usiku huo sikulala. Mtoto wa nyumba ile nilimpokea akiwa na miaka miwili. Nilimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili hadi ishirini. Nilimbembeleza kwa nyimbo nilizombembelezea mwanangu, na kuna wakati nilimlaza kitandani kwangu mpaka mama yake akaniambia, kwa upole mno, kwamba mtoto ana chumba chake. Niliona nimevunjiwa heshima. Sasa nikaona nilichokuwa nafanya: nilikuwa namfukia kwenye moto wangu.

Bibi alipofika kwenye njaa, nilifurahi. Demeter alijifungia ndani ya hekalu walilomjengea Eleusis, akaificha mbegu ardhini. Ng'ombe wakavuta majembe bure, shayiri ikamwagwa bure, mwaka mzima hakikuota kitu. Zeus akamtuma mjumbe Iris, akakataliwa. Akatuma miungu wengine mmoja baada ya mwingine na zawadi mikononi, wakakataliwa wote. Nikasema, "Vizuri sana."

Bibi akaweka kitabu chini. "Ndiyo, alishinda. Lakini Zeus hakulala na njaa hata siku moja. Alichokosa ni sadaka. Wenye njaa walikuwa wale wa kijijini waliomkaribisha."

Nilinuna siku mbili. Yeye anajua nini habari za kuozewa mtoto?

Mwisho wa Februari 2023, mama akapiga. Mama yangu si mtu wa kupiga, hubip. Nikapokea nikidhani ni msiba. Akaniamkua yeye, mimi mtoto wake, kwa sauti ya utaratibu, akasema: "Sikuombi hela, mwanangu. Nakupa habari tu. Mbegu tumeshakula."

Asiyelima hataelewa. Kwetu mahindi ya mbegu huchaguliwa siku ya kuvuna, yale ya safu zilizonyooka, yanafungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa darini juu ya mafiga, moshi uyalinde na dumuzi. Nimekua chini ya mahindi yale. Mwaka wa shida tulikula mchunga, tulikula maboga asubuhi na jioni, na hakuna aliyeinua macho juu. Masika ilikuwa imebaki wiki tatu, na mama yangu, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa amepanda kigoda akayafungua kwa mkono wake. Na nani alikula? Yeye, na wajukuu zake, watoto wa mdogo wangu. Baba wa mwanangu alikuwa Tanga mjini anakula samaki.

Kesho yake, kabla ya kuanza kazi, nilituma pesa. Jumapili nikaenda Eleusis.

Leo panaitwa Elefsina, kama kilomita 20 magharibi ya Athens, na mwaka huo mji ulikuwa umechaguliwa kuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Ukisikia hivyo utadhani ni bustani. Ni viwanda, matangi ya mafuta, maghala, na meli kuukuu zinazooza ghubani. Barabara ya zamani ya kutoka Athens bado inaitwa Njia Takatifu, na kipande chake sasa kina gereji na maduka ya matairi. Hapo zamani, kila Septemba, maelfu walipita humo kwa miguu kwenda kuingizwa katika siri za Demeter. Wanawake waliruhusiwa, watumwa waliruhusiwa. Sharti ni kujua Kigiriki na kutokuwa na damu ya mtu mikononi. Ukumbi wenyewe, uliokuwa na nguzo 42, unakadiriwa kuchukua watu kama 3,000 kwenye ngazi zilizochongwa kuzunguka kuta. Kilichoonyeshwa humo kilikuwa siri, na adhabu ya kuitoboa ni kifo. Kwa zaidi ya miaka elfu hakuna aliyeiandika bayana. Mwaka 392 mfalme Theodosius akapiga marufuku ibada za namna hiyo, na mwaka 396 jeshi la Wagothi likapabomoa. Siri ya watu wengi hivyo, miaka yote hiyo! Arusi ya mwanangu ilijulikana wilaya nzima, aliyefichwa ni mimi tu.

Ndani ya magofu kuna pango linalosemwa ni la Hades. Nilitarajia liwe shimo la kutisha. Ni pango fupi, mbuzi wawili wakijibanza limejaa. Kisima kipo karibu na lango, cha mviringo, kimejengwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri. Nilisimama hapo muda.

Kwenye makumbusho yao kuna sanamu kubwa ya mwanamke aliyebeba kikapu kitakatifu kichwani. Walikuwa wawili. Mwenzake alibaki kijijini karne nyingi baada ya ibada kufa, na wakulima, ambao walikuwa Wakristo, walimlundikia samadi miguuni wakiamini bila yeye ngano haistawi. Mwaka 1801 Mwingereza E. D. Clarke akamchukua, wanakijiji wakilalamika, akampeleka Cambridge, na mpaka leo yuko huko. Ile samadi imenibaki akilini kuliko nguzo zote 42.

Jioni nikamweleza bibi habari za mama. Akafungua kitabu karibu na mwisho. "Tulikuwa hatujafika hapa," akasema. Hermes, mjumbe wa miungu, amekwisha kumleta binti kutoka kuzimu, mama na mtoto wamekumbatiana, lakini ardhi bado kavu. Zeus anamtuma mjumbe wa mwisho, na mjumbe huyo ni Rhea, mama yake Demeter. Mama anashuka mpaka kwenye shamba lililokauka, anamwambia mwanawe njoo, hasira isipite kiasi, watu wapewe mazao yao. Demeter, aliyewakatalia miungu wote, kwa mama yake hakubishana. Majani yakaota.

Nikampigia mwanangu simu usiku ule ule. Miezi saba. Nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanitoka. Nikajikuta nauliza, "Umekula?"

Baadaye nilimsimulia bibi, akapiga paja lake. Hilo, akasema, ndilo swali la Demeter pia: binti anapofika tu, anamuuliza kama amekula chochote kule chini. Yeye aliuliza kwa hofu, maana aliyekula cha kuzimu hawezi kutoka moja kwa moja. Na Persephone alikuwa amekula punje ya komamanga. Kwa hiyo theluthi ya mwaka atakaa kwa mumewe, theluthi mbili kwa mama yake. Kisha bibi akanionyesha jambo. Mtunzi anaposimulia, Hades alimpa binti punje kwa siri. Binti anapomsimulia mama yake, anasema alilazimishwa kwa nguvu. Simulizi mbili za punje moja. "Mabinti," bibi akasema, "huwaambia mama zao kile ambacho mama anaweza kukibeba." Alikuwa na mabinti wawili mwenyewe.

Mwanangu aliniambia, "Mama, nilikubali." Simu ikanyamaza kidogo. "Nilikubali baada ya baba kukubali." Sikumuuliza zaidi. Zamani ningeichukua sentensi hiyo nikaipeleka kila mahali kama ushahidi wangu. Niliiacha kwake, ni yake.

Kibali changu kilikamilika mwaka 2024, na mwaka huo huo nikaenda nyumbani. Mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza, na mzao wa kwanza kwetu binti hurudi kwa mama. Alijifungulia hospitali ya wilaya, akatoka hapo akaja kwa bibi yake, arobaini nzima nikamkanda kwa maji ya moto, nikamkorogea uji wa pilipili manga, nikamlea mjukuu. Mkwe wangu alikuja kila Ijumaa na kitu mkononi, akiketi kwenye mkeka ukingoni. Ni kijana mkimya. Nilipata miezi miwili tu, pungufu hata ya theluthi ya Persephone, lakini hiyo ndiyo ruhusa ya kazi ilivyokuwa.

Na baba mtu? Sijamsamehe, na sitadai hapa kwamba nimemsamehe. Ushuhuda wangu haujafika huko. Nawaambia tu mababa wanaousoma huu: simu ya kwenda Athens ni dakika moja.

Bibi bado yuko dirishani, macho yamepungua, sasa mimi ndiye namsomea kitabu cha bluu, kwa matamshi mabaya, naye anasahihisha. Mjukuu wake ana miaka kumi na miwili, na akiita "yaya" siku hizi ninainuka mimi peke yangu, maana mwenzangu miguu haimruhusu. Pesa ya mbegu za vuli nilituma Jumatatu. Mama amejibu kwa ujumbe wa sauti: kilo nane amepanda, na mahindi ya kuvuna msimu huu, yale ya safu zilizonyooka, atayarudisha darini.